Mwanangu Alikombolewa Kitabuni

"Mama Enosi, hivi mtu akishakombolewa, anajuaje?"

Swali hilo aliniuliza jirani yangu, Bi Mwanahawa, siku tulipokuwa tunamenya mihogo kibarazani kwake. Yeye ni Mwislamu, mimi ni mtu wa kanisa, na kwa miaka ishirini na kitu tumeulizana mambo ya dini bila kugombana hata mara moja, labda kwa sababu kila tunapoulizana sote wawili tuna visu mkononi.

Nikamwambia si jambo gumu. Mtu alikuwa amefungwa mahali, sasa hayuko pale. Akiwa na wasiwasi aangalie miguu yake imesimama wapi. Bi Mwanahawa akasema, kama ni hivyo tu, hata mtoto wa chekechea anaelewa. Nikasema ndiyo, hata mtoto wa chekechea.

Wakati huo nchi yetu ilikuwa bado haijaunda Wizara ya Ukombozi.

*

Nchi yetu ni nzuri, na sitaki mtu aje aseme kwamba nimesema vinginevyo. Ina milima. Ina mito miwili, na mmoja una maji. Ina serikali inayotupenda sana, ambayo kwa miaka mingi ilituahidi kutukomboa kutoka kwenye kiu, ujinga, na tope la barabara ya kwenda Tulizo. Kila mwaka iliahidi upya, na sisi kila mwaka tulishukuru upya, maana ahadi ile ile ukiisikia kwa sauti nyingine huwa kama mpya.

Sasa, Jumapili moja maofisa wawili wa makao makuu walikwama na gari lao kwenye tope hilo hilo. Mvua ikawakuta, wakaingia kanisani kwetu kujificha. Siku hiyo ilikuwa zamu ya ushuhuda. Kwetu mtu husimama, hutaja jina lake, hutaja siku aliyookoka, hueleza alivyokuwa na alivyo sasa, nasi tunapiga makofi. Wapo pia wanaoshuhudia jambo ambalo bado hawajalipata, kwa kuwa wanaamini kwamba limekwisha kutoka kule lilikotoka na liko njiani. Tunaita kupokea kwa imani. Siku ile dada mmoja alishuhudia kwamba goti lake limepona. Akarudi kwenye benchi akichechemea, tukampigia makofi.

Maofisa wale waliandika mpaka daftari likajaa. Mimi nilikuwa benchi la nyuma yao, nikawaona. Nilifurahi. Nilidhani wameguswa.

Na waliguswa kweli. Baada ya wiki sita redio ilitangaza kwamba bomba la maji lililopangiwa tarafa yetu limefutwa, na badala yake tutaletewa Ushuhuda. Wataalamu walikuwa wamegundua kwamba watu wanaweza kupiga makofi kabla ya kupewa kitu. Basi bomba la nini tena?

*

Utaratibu ulikuwa hivi. Kila Alhamisi tulikusanyika uwanja wa shule. Kiti kikubwa alikalia Mshuhudishaji wa Wilaya, Bwana Pantaleo, ambaye zamani alikuwa afisa mifugo na bado alikuwa anatutazama meno kwanza kabla ya uso. Pembeni yake alikaa karani, Bwana Longino, na Kitabu cha Waliokombolewa mapajani. Mtu alisimama, akasema: mimi naitwa fulani, nilikuwa na kiu, sasa nimekombolewa. Makofi. Bwana Longino akaandika. Aliyekombolewa akachukua ndoo yake akaenda mtoni, mwendo wa saa moja na nusu.

Ukishaandikwa, huruhusiwi kulalamikia jambo hilo tena, maana umekwisha kukombolewa nalo. Mzee mmoja wa mtaa wa juu alisikia fununu kwamba yatagawiwa madaftari, akakimbia kushuhudia kwamba amekombolewa kutoka ujinga. Madaftari hayakuja. Alipokwenda kwenye darasa la watu wazima wakamfukuza mlangoni, kwamba huyu kashajua.

Mwanangu Enosi hakuwa mtu wa kelele. Ni mtoto wangu wa pekee, baba yake alifariki yeye Enosi akiwa darasa la tatu. Alikuwa na miaka ishirini na minne, fundi baiskeli, mtu wa kuinama na spana yake kutwa nzima bila kusema neno. Ila ana tabia moja aliyoirithi kwa baba yake: ukimuuliza swali, anajibu.

Bwana Pantaleo alikuwa anafunga kila mkutano kwa kuuliza, "Je, yupo hapa ambaye bado hajakombolewa?" Halikuwa swali la kujibiwa. Lilikuwepo ili tujue kwamba baada yake ni wimbo wa taifa. Alhamisi moja watu wamekwisha kuinuka, Enosi akanyoosha mkono. Akasema kwa adabu kabisa kwamba yeye bado, kwa upande wa kiu, kwa sababu asubuhi ameangalia ndani ya mtungi.

Watu wote wakatazama viatu vyao. Mimi nilijisikia fahari na hofu, vyote kwa mara moja.

Walimpa miezi sita katika Gereza la Tulizo, kuvunja kokoto. Kosa liliandikwa kwamba ni Kuchelewa Kukombolewa.

*

Sasa nafika kwenye kosa langu mwenyewe. Sitalificha, maana Mungu alikuwepo.

Mwezi wa pili wa kifungo, siku ya Jumanne, Bwana Longino alikuja nyumbani. Ni mtu wa miaka hamsini na miwili, ana upara unaong'aa, na miwani iliyofungwa uzi kwenye sikio la kushoto. Alivua kofia, akakaa pale nilipomwonyesha, akanywa uji. Akanieleza kwamba Wizara ina huruma na akina mama. Mama wa mfungwa akisimama Alhamisi akashuhudia kwamba mwanawe amekombolewa na yuko nyumbani, kitabu kinapokea, na kitabu kikishapokea, serikali inatekeleza.

"Wewe ni mtu wa imani, Mama Enosi," alisema. "Shuhudia kwanza. Ijumaa utamwona."

Nikamuuliza kama huo si uongo. Akasema ni uongo kama huna imani.

Nilifikiri jibu lile siku mbili. Niliomba Jumanne, nikaomba Jumatano. Nilimkumbuka yule dada wa goti. Nikajisemea, kama nakataa, basi miaka yote niliyowapigia watu makofi nilikuwa nacheza. Alhamisi nikasimama mbele ya watu, nikataja jina langu, nikasema: mwanangu Enosi alikuwa amefungwa, sasa amekombolewa, yuko nyumbani. Makofi yalikuwa mengi. Kalamu ya Bwana Longino niliisikia ikikwaruza.

Ijumaa alfajiri nilifua shati lake, nikalianika, nikalipiga pasi bado lina unyevu, nikaenda Tulizo kwa miguu.

Bwana Jela ni mtu mnene, msafi, hana ubaya. Alifungua daftari lake, akapitisha kidole toka juu mpaka chini. Akasema hakuna mtu wa jina hilo. Limefutwa jana jioni kwa amri ya Wizara. Nikasema asante Mungu, basi mlete niende naye. Akanitazama kama mtu aliyeombwa kutoa jino lake.

"Mama, siwezi kukupa mtu ambaye hayupo."

Wakati anasema hivyo, Enosi nilikuwa namwona. Alikuwa nyuma ya uzio, hatua thelathini, amekaa juu ya rundo la kokoto. Alinipungia mkono. Nikamwonyesha Bwana Jela kwa kidole: yule pale.

Akasema, "Yule ni kichwa."

Akanifafanulia kwa upole, kama mwalimu. Gereza lina mambo mawili. Vichwa ni vya kwake yeye: alikabidhiwa vichwa mia mbili na kumi na viwili, akatia sahihi, na kila asubuhi na jioni lazima avihesabu vitimie, kikipungua kimoja anawekwa yeye mwenyewe kukitimiza. Majina ni ya Wizara. Wizara jana ilifuta jina moja, haikusema lolote kuhusu vichwa. Kwa hiyo sasa ana vichwa mia mbili na kumi na viwili na majina mia mbili na kumi na moja, na kwa upande wake hesabu iko sawasawa.

Nikamuuliza miezi minne iliyobaki. Akasema siku za kifungo huhesabiwa kwenye jina. Kichwa hakina siku. Nikamuuliza, basi atatoka lini? Akafikiri kwa bidii, nilimwona kabisa anafikiri, akasema kitu ambacho hakina mwanzo ni vigumu kukipatia mwisho.

Nikamuuliza chakula.

Akafunga daftari. Sahani, alisema, hutolewa kwa jina.

*

Kuanzia siku hiyo nilikwenda Tulizo kila siku na bakuli. Kuna dirisha la upande ambalo askari wa zamu akiwa na moyo hulifungua. Wengine walikuwa na moyo. Wengine walisema hawawezi kupokea chakula cha mtu aliye nyumbani kwao, huo ni uchochezi, nikarudi na bakuli langu.

Nilikwenda kwa Bwana Pantaleo kuomba kosa lisahihishwe. Nilingoja kwenye benchi siku tatu. Siku ya nne nikaingia, nikamweleza yote kwa ufupi: naomba mwanangu arudishwe kwenye kitabu cha wafungwa, ili ale na siku zake zitembee.

Alivua miwani. Akauliza kama nimesikia vizuri maneno yaliyotoka kinywani mwangu. Katika maisha yake ya utumishi, alisema, tangu enzi za ng'ombe, hajawahi kumwona mama mzazi anayeomba mwanawe atiwe gerezani. Akaniuliza ni moyo wa namna gani nilionao. Nikamwambia mwanangu yumo gerezani tayari, ninachoomba ni jina. Akasema kumtoa mtu kwenye Kitabu cha Waliokombolewa kunaitwa Kukana Ukombozi, na adhabu yake hawezi hata kuitamka mbele ya mwanamke. Halafu akashusha sauti, akaniambia jambo la kweli, nadhani ndilo pekee alilowahi kuniambia. Wizara ilinunua kalamu elfu kumi. Kifutio haikununua hata kimoja.

Nilisimama ili nitoke. Hapo akasema nisiende mbali, kwa kuwa ana habari njema. Ushuhuda wangu umesafiri mpaka makao makuu. Mama wa kijana mkaidi aliyekombolewa: hakuna ushuhuda kama huo wilaya nzima. Mheshimiwa Waziri mwenyewe anakuja baada ya wiki tatu kuusikia nyumbani kwangu, na kumpa mkono kijana.

"Kijana gani?" nikauliza.

Ndipo Bwana Pantaleo alipokuna shingo.

*

Jumatatu iliyofuata nilimkuta Bwana Longino mlangoni kwangu na begi la nguo. Alinipa barua ya serikali, yenye mihuri miwili. Niliisoma pole pole, maana mimi niliishia darasa la saba na serikali haikuishia hapo. Ilisema kwamba Karani Longino, kwa kuwa ndiye aliyeandika jina husika, amehamishiwa kwa muda nafasi ya Mtoto wa Kiume, umri miaka ishirini na minne, kituo chake cha kazi ni nyumba hii, mpaka itakapotangazwa vinginevyo.

Mimi nina miaka hamsini.

"Shikamoo, mama," alisema Bwana Longino, akitazama chini.

Sikuitikia. Hata leo sijui ningeitikiaje. Nilimwonyesha kitanda cha Enosi, nikaenda kupika.

Mtaa mzima uliletewa maelekezo kwamba huyo sasa ndiye Enosi. Bi Mwanahawa alikuja jioni hiyo hiyo kumwangalia. Akamzunguka mara mbili, akasema, "Jamani, Enosi. Hilo jua la Tulizo limekufanya nini kichwani?" Alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikuwa sitaki kucheka, nikacheka, halafu nikakasirika kwa kuwa nimecheka.

Barua ilimtaka pia aendelee na kazi ya kijana. Basi kila asubuhi Bwana Longino alikaa chini ya kibanda cha Enosi na zile spana. Siku ya kwanza alifunga mnyororo wa baiskeli ya mwuza maziwa kinyume, mtu akawa anakanyaga pedali mbele na tairi halitaki. Watu waliompita walikuwa wanamwamkia kwa mazoea, shikamoo mzee, kisha wanakumbuka, wanaziba midomo. Yeye aliitikia kwa kutikisa kichwa tu. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililokuwa linaniudhi. Ningependa awe mbaya, nipumzike.

Kila asubuhi kabla ya kazi nilikuwa naomba kwa sauti, ni desturi ya nyumba yangu, sikuibadilisha kwa ajili ya mgeni wa serikali. Nilisema, Bwana, mkumbuke Enosi. Bwana Longino, aliyekuwa Enosi kwa mihuri miwili, alikuwa anainua kichwa akisikia jina, kisha anakiinamisha tena.

Wiki ya pili askari wenye moyo walihamishwa. Dirisha la upande likapigwa misumari. Nilipitisha chakula chini ya uzio, mahali ambapo mbwa walichimba, na Enosi alikuja kukichukua akiwa anatembea kama mtu anayepima ardhi. Shati lake lilikuwa linaning'inia. Aliniambia wamempunguzia kazi. Si kwa huruma: hawezi tena kuiinua nyundo. Akaniuliza kama nimepata wa kumalizia baiskeli ya mwuza maziwa. Nikasema ndiyo, nimepata.

Niliporudi nilimkuta Bwana Longino mezani na sahani yake. Sikukusudia kumwambia, lakini nilikuwa nimejaa. Nilimweleza shati, nyundo, na shimo la mbwa. Nilimwambia nimejaribu kukadiria njiani kijana anaweza kuishi hivyo siku ngapi zaidi, nimeacha.

Alisukuma sahani katikati ya meza. Kisha akaenda kwenye begi lake, akatoa Kitabu, maana hata kwenye kazi ya utoto alitakiwa kukilinda. Akakifungua mbele yangu kwenye ukurasa wa Enosi. Mwandiko mzuri, umelala upande mmoja, kila herufi na mkia wake.

"Ni mwandiko wangu, mama," akasema. "Mwezi ule nilitakiwa nipeleke waliokombolewa arobaini. Nilikuwa na thelathini na tisa."

Nilimwuliza kama alijua kwamba Ijumaa Enosi hatakuja. Akasema hakujua. Akasema pia hakuuliza. Nikaondoa sahani, na kuanzia siku hiyo alikuwa anakula nusu ya alichopakuliwa, nusu anaifunika. Hakuniambia ya nani, na mimi sikuuliza, nilikuwa naiweka kwenye bakuli.

*

Mheshimiwa Waziri alifika Jumatano na magari tisa. Turubai lilifungwa uani kwangu. Viti vya plastiki vilipangwa mpaka kwenye shamba langu la kunde. Walikuja na spika kubwa mbili na kipaza sauti chenye manyoya, na katibu aliyebeba meza yake mwenyewe.

Lazima nieleze huyo katibu. Katika nchi yetu, jambo lolote Waziri atakalosema kwenye kipaza sauti ni agizo, na katibu huliandika hapo hapo, na hutekelezwa siku hiyo hiyo. Mwaka uliopita, katika mkoa jirani, Waziri alitania kwamba mbuzi wa pale wana akili kuliko walimu. Mbuzi kumi na mmoja waliandikishwa kazini kabla jua halijazama, na nasikia mmoja amepandishwa cheo.

Bwana Pantaleo alitupanga. Mimi mbele. Bwana Longino kulia kwangu, amevalishwa fulana yenye maneno NIMEKOMBOLEWA, Kitabu mapajani. Bwana Jela alikuwa mstari wa pili kama mgeni rasmi, amekuja kumshangilia mtu ambaye hakuwahi kuwa kwake. Wapiga makofi walielekezwa: mama akifika kwenye neno la mwisho, bila kujali ni neno gani, pigeni.

Waziri alisimama.

"Ndugu mliokombolewa," akaanza, "ndugu mnaoendelea kukombolewa, na ndugu mtakaokombolewa mpende msipende. Mataifa mengine yamechimba mabomba. Yako wapi mabomba hayo leo? Yameoza ardhini. Lakini ushuhuda hauozi. Ukombozi wetu hauna gia ya nyuma. Hauna breki. Na nitasema kwa mara ya kwanza hapa, hauna hata usukani." Makofi. "Mama, njoo utuambie mwenyewe. Je, mwanao amekombolewa?"

Nilishika kipaza sauti. Kilikuwa na joto la mkono wake.

Neno lilikuwa moja tu. Nilikuwa nimekwisha kulisema mara moja, mbele ya watu hao hao, na mwanangu alikuwa anakula chini ya uzio kwa sababu yake. Nikikataa, kuna ile adhabu isiyotamkika mbele ya wanawake. Nikikubali, Enosi atabaki kichwa mpaka kichwa kiishe.

"Hapana, Mheshimiwa," nikasema. "Hajakombolewa. Nilisema uongo Alhamisi ile, nikadhani ni imani. Huyu hapa ni Bwana Longino, karani wako. Mwanangu yuko Gereza la Tulizo, nyuma ya uzio, upande wa magharibi. Jina lake lilitolewa, yeye mkaacha kumtoa, sasa hapewi chakula. Naomba arudishwe kwenye kitabu cha wafungwa. Nimemaliza."

Wakapiga makofi. Walipiga kwa nguvu, kama walivyoelekezwa, na kila mmoja alipokuwa anaelewa nilichosema aliacha, kwa hiyo makofi yaliisha moja moja kama mvua inavyokatika. Bwana Pantaleo alikuwa amefumba macho.

Waziri hakukasirika. Hiyo ndiyo elimu. Alitabasamu na meno yote, akamwita Bwana Jela asimame, akamuuliza kama maneno ya mama ni ya kweli. Bwana Jela akasema yeye hana taarifa za majina, lakini vichwa vyake vyote vimetimia.

"Kwa hiyo tuna kijana ambaye jina liko nyumbani na kichwa kiko kazini," akasema Waziri kwenye kipaza sauti, akiwageukia watu. Alianza kufurahi. "Ndugu zangu, hili nalo ni tatizo? Kitabu hakifutwi. Hesabu ya gereza haipungui. Basi gereza lipewe kichwa kingine, na hiki kirudi kulifuata jina lake leo hii, mama apate kunyamaza."

Watu walicheka sana. Katibu hakucheka. Alikuwa anaandika.

Bwana Jela bado alikuwa amesimama. Akauliza kwa heshima, kichwa hicho kipya kije pamoja na jina?

"Jina la nini?" Waziri akamjibu. "Si umesema wewe ni mtu wa vichwa? Kije kama kilivyo."

Nilifikiri sahani. Nilifikiri siku ambazo hazihesabiki. Nadhani si mimi peke yangu niliyefikiri, kwa sababu kicheko cha pili kilikuwa kidogo.

Waziri akainua mkono, akaangaza macho juu ya viti, anachezea kimya chetu. "Haya, yuko hapa mwenye kichwa cha akiba?"

Wimbo wa taifa ulikuwa umekwisha kuwekwa tayari kwenye mashine. Nilisikia spika zinakoroma.

Bwana Longino alivua miwani yake, akaifuta kwa ile fulana, akaivaa tena. Kisha akanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Kichwa chochote, Mheshimiwa?"

"Chochote," akasema Waziri, na akautazama upara ule, akaona mzaha mwingine mzuri. "Hata chenye kung'aa."

Katibu akaandika na hilo.

Nilimshika Bwana Longino mkono. Akautoa taratibu, akaweka Kitabu juu ya kiti alichokuwa amekalia, akapita katikati ya viti vya plastiki na magari tisa, akashika barabara ya tope ya kwenda Tulizo.